Wayahudi wa Mbale na somo la kilima cha Kibuli: Imani ya wachache hudumu vipi nyakati ngumu?

Kila Ijumaa adhuhuri, njia zinazopanda kilima cha Kibuli mjini Kampala hujaa waumini wanaoelekea msikitini. Saa chache baadaye, zaidi ya kilomita 200 upande wa mashariki, jua linapokaribia kuzama katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, familia za wakulima huweka majembe chini, huwasha mishumaa na kuikaribisha Sabato. Wa Kibuli husoma Qurani. Wa Mbale husoma Torati, kitabu ambacho Waislamu hukiita Taurati. Wote ni wachache katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakristo.

Wakulima hao hujulikana kwa jina la Kiganda, Abayudaya, maana yake Wayahudi. Idadi yao hukadiriwa kuwa takriban watu 2,000. Wazee wao hawakuja na meli wala hawakuzaliwa katika ukoo wa Kiyahudi. Waliichagua dini hiyo wenyewe mwaka 1919, wakiwa na Biblia ya Kiganda mkononi, kabla ya wengi wao kuwahi kumwona Myahudi hata mmoja. Katika karne iliyofuata walifiwa na mwasisi wao wakiwa bado wachanga katika imani, wakaishi kwa upweke miaka mingi, wakapigwa marufuku na serikali ya Idi Amin, na hadi leo wanahangaika ili Wayahudi wenzao wawatambue kikamilifu.

Jumuiya nyingi ndogo zimezimika kwa misukosuko michache kuliko hiyo. Abayudaya bado wapo. Wanaoifuatilia historia yao hurudia swali moja: ni kitu gani kilichowashikilia? Wapo wanaotaja msaada wa Marekani, lakini msaada huo ulianza kuwafikia kwa wingi katika miaka ya 1990, wakati jumuiya ilikuwa tayari imevuka kipindi chake kigumu zaidi. Jibu liko karibu zaidi na nyumbani. Ni desturi ya kukisoma kitabu na kusali kwa ratiba isiyokatika, hata pale palipokosekana mwalimu, jengo au ruhusa.

Makakungulu wawili

Historia ya Uganda ina watu wawili mashuhuri wenye jina la Kakungulu, na kila mmoja aliacha alama katika dini ya wachache. Kuwatazama kwa pamoja kunasaidia kuielewa habari hii.

Wa kwanza kwa umri ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda. Katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kuanzia mwaka 1888, alipigana upande wa Waprotestanti dhidi ya jeshi la Waislamu. Baadaye aliongoza majeshi yaliyoifungua Uganda ya mashariki kwa utawala wa Waingereza, na mji wa Mbale unamhesabu kuwa mwanzilishi wake. Alitumaini kutawazwa kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimtumia kadiri walivyomhitaji, kisha wakampunguzia madaraka na ardhi, na kwa miaka kadhaa wakampeleka Busoga kuongoza baraza la machifu.

Wa pili ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda baada ya vita hivyo. Waislamu walikuwa wameshindwa, na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulimtengea Mbogo maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake. Kilikuwa kiasi kidogo kilipolinganishwa na ardhi waliyopata machifu wa Kikristo. Badru alirithi uongozi akiwa bado kijana. Alitoa ardhi ya Kibuli, na juu ya kilima hicho ukajengwa msikiti uliofunguliwa mwaka 1951. Shule ya sekondari ya Kibuli ilikuwa imeanzishwa mwaka 1945, katika zama ambazo sehemu kubwa ya shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari na mzazi Mwislamu alihofu kumpeleka mwanawe huko asije akarudi na jina la ubatizo.

Makakungulu hawa walitofautiana kwa dini, cheo na bahati. Hata hivyo walifanya jambo linalofanana: waliwaachia wachache mahali pa kusomea. Kwa Waislamu wa Kampala palikuwa kilima chenye msikiti na madarasa. Kwa Abayudaya palikuwa ardhi karibu na Mbale, pamoja na kitabu.

Kitabu kilichosomwa bila mwalimu

Semei Kakungulu alirudi Mbale mwaka 1913 akiwa mtu aliyevunjika moyo. Alijiunga na kundi la Wamalaki, Wakristo waliojitenga na makanisa ya wamisionari, walioshika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Huko hakukaa kimya. Aliendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, iliyokuwa imekamilika kutafsiriwa mwaka 1896, na kila alipofika kwenye vitabu vitano vya Musa alikuta amri zilizoandikwa waziwazi ambazo hakuna aliyezitekeleza.

Kubwa kati ya hizo ilikuwa tohara. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Wamalaki walipomwambia kwamba tendo hilo lilikuwa la Wayahudi, alilikubali jina hilo, akaachana nao. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90, mkusanyiko wa maagizo na sala kutoka katika Maandiko kwa ajili ya wafuasi wake.

Takriban mwaka 1920 alikutana na Myahudi wa kigeni ambaye jumuiya inamkumbuka kwa jina la Yosef tu. Mgeni huyo alikaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, sheria za chakula na uchinjaji, na namna ya kusali. Kisha akaondoka. Tangu hapo jumuiya ilikuwa na vitu viwili ambavyo haikuvipoteza tena: andiko la kusoma na kalenda iliyoonyesha lini lisomwe.

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Kwa kawaida, kundi lililoanzishwa na mtu mmoja mwenye nguvu humfuata kaburini. Baadhi ya wafuasi wake walirudi katika Ukristo, lakini waliobaki walijikusanya chini ya mwalimu wao mwingine, Samson Mugombe, wakaendelea. Katika miaka ya 1960, mwanafunzi Muisraeli wa Chuo Kikuu cha Makerere, Arye Oded, aliyekuja baadaye kuwa mwanadiplomasia na kuandika kitabu kuhusu Uislamu nchini Uganda, aliwatembelea na kuandika habari zao. Aliwakuta watu walioishika Sabato kwa miaka zaidi ya 40 huku wakiwa karibu hawana habari na ulimwengu mwingine wa Kiyahudi.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyozoeleka. Abayudaya hawana uhusiano na ule uitwao Mpango wa Uganda wa mwaka 1903, ambao Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliuweka mbele ya Theodor Herzl ili Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe nchi Afrika Mashariki. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni sehemu ya Kenya, na mpango wenyewe ulitupwa mwaka 1905.

Miaka ya Amin

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 25, 1971. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel. Mwaka 1972 alivunja uhusiano na kuwafukuza Waisraeli. Julai 4, 1976, makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe na kuwakomboa abiria waliokuwa wametekwa. Dora Bloch, mwanamke mzee aliyekuwa amelazwa katika Hospitali ya Mulago, alibaki nyuma na aliuawa na watu wa serikali. Kuitwa Myahudi nchini Uganda likawa jambo la hatari.

Dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku madhehebu mengine mengi madogo, na mwaka huohuo Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, aliuawa. Wengi wa Abayudaya waliingia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani. Inakadiriwa kuwa kutoka watu wapatao 3,000 walibaki mia kadhaa tu.

Waliobaki walisali kwa siri majumbani. Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo na ambaye leo ni rabi wa jumuiya hiyo, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kuishika dini yake, na familia ikalazimika kutoa mbuzi ili aachiliwe. Ni tukio dogo likilinganishwa na maelfu waliouawa nchini katika miaka ile. Lakini linaonyesha sala iligharimu nini katika nyumba ya mkulima asiyekuwa na akiba nyingine zaidi ya mifugo yake.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyohiyo ndiyo iliyoanza sikukuu ya Pasaka, inayokumbusha kutoka kwa Waisraeli katika utumwa wa Farao. Kwa watu waliokuwa wakiihesabu kalenda hiyo kimyakimya kwa miaka minane, hapakuhitajika mhubiri wa kuwaeleza maana ya usiku ule.

Msomaji wa Kibuli anaifahamu pia sura iliyofuata. Kuanguka kwa Amin, ambaye alikuwa Mwislamu, kulileta visasi dhidi ya Waislamu katika baadhi ya sehemu za nchi, hasa Ankole, ambako watu wasiokuwa na mkono wowote katika makosa ya serikali waliuawa na kufukuzwa. Siku ambayo kwa wachache wa Mbale ilikuwa ya uhuru, kwa wachache wengine ilifungua mlango wa hofu. Ni vigumu kuipima historia ya dini nchini Uganda bila kuyashika mambo haya mawili kwa pamoja.

Kwa nini kufunga sinagogi hakukutosha

Serikali ya Amin ilidhani, kama serikali nyingi kabla yake, kwamba ukifunga jengo umefunga dini. Katika dini ya Kiyahudi hesabu hiyo haiendi sawa, na sababu yake ni ya kale.

Warumi walipoliteketeza Hekalu la Jerusalem mwaka 70, Wayahudi walipoteza madhabahu na ibada ya dhabihu. Walimu waliokusanyika katika mji wa Yavne, wakiongozwa kwanza na Yohanan ben Zakkai, waliijenga upya dini juu ya mambo ambayo askari hawezi kuyachoma kwa mara moja: sala, matendo mema na kujifunza Torati. Tangu wakati huo kujifunza si maandalizi ya ibada. Ni ibada yenyewe. Mkulima anayeisoma sura ya wiki pamoja na mwanawe chini ya mgomba anatimiza wajibu uleule wa msomi aliyeketi katika chuo.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Torati imegawanywa katika mafungu ya kila wiki, na kwa mwaka mmoja husomwa yote, kutoka kuumbwa kwa ulimwengu hadi kifo cha Musa. Likisomwa fungu la mwisho, siku hiyohiyo huanza tena la kwanza. Familia zilizotawanyika vijijini, ambazo haziwezi kukutana, hujua kwamba Jumamosi fulani zote zinasoma sura moja, na kwamba inasomwa pia Jerusalem na New York. Sala ya jumuiya huhitaji watu wazima 10, si zaidi, na sebule ya kawaida huwatosha. Tamko la kukiri umoja wa Mungu hutamkwa asubuhi na jioni, na mtu aweza kulitamka kitandani kwake bila jirani kusikia. Mlo wa Pasaka na mwanzo wa Sabato ni mambo ya mezani nyumbani, na mwenye kuwasha mishumaa kwa desturi ni mama.

Abayudaya waliongeza jambo la kwao, nalo ni wimbo. Zaburi na sala huziimba kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa sauti na midundo ya Uganda ya mashariki. Asiyejua kusoma aliibeba Zaburi kichwani. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo zao, na albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Dunia iliisikia kama muziki mzuri. Kwa wenyewe, nyimbo hizo zilikuwa pia maktaba ya watu ambao vitabu vyao vilikuwa vichache.

Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba. Fungu moja la kitabu kwa wiki linaonekana dogo, lakini mtu aliyelisoma kwa miaka 10 bila kukosa ana jambo ambalo amri ya serikali haiwezi kumwondolea katika siku moja. Wanaohifadhi Qurani katika madrasa za Kibuli hawatalishangaa jambo hilo.

Elimu iliyofufua, elimu iliyogawa

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la vijana, wakiwemo ndugu wa familia ya Keki, Joab Jonadab na Gershom Sizomu, lilihamia kilima cha Nabugoye nje kidogo ya Mbale. Waliishi na kulima pamoja, wakajifunza Kiebrania na kuwafuata wazee vijijini ili kuwarudisha waliokuwa wametawanyika. Wageni kutoka Marekani walipoanza kuja kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, walikuta jumuiya inayosali.

Mwaka 2002 mahakama ya marabi wa Masorti, mkondo wa Kiyahudi wenye wafuasi wengi Marekani, ilifika Uganda na kuwaingiza rasmi takriban watu 400 katika dini. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008 na kurudi nyumbani. Mwaka 2016 jumuiya ilifungua sinagogi jipya kubwa Nabugoye, na mwaka huohuo Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, Myahudi wa kwanza kuingia katika Bunge la Uganda. Eneo hilo halina Wayahudi wa kutosha kumpeleka mtu bungeni. Kura zilizomchagua zilitoka hasa kwa Wakristo na Waislamu.

Elimu hiyo ilileta pia mgawanyiko. Mtu akiisoma sheria kwa makini ataanza kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuifasiri. Katika kijiji cha Putti wapo walioona kwamba njia ya Masorti imelegeza mno, wakataka kufuata Uothodoksi, ambamo wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti wakati wa sala. Nabugoye, kinyume chake, wanawake huisoma Torati mbele ya waumini. Mwaka 2016 Rabi Shlomo Riskin wa Israel aliongoza kuingizwa kwa watu wa Putti katika dini kwa utaratibu wa Kiothodoksi. Jumuiya ya watu 2,000 sasa ina mikondo miwili.

Kibuli ina uzoefu wa karibu wa jambo hili. Baraza Kuu la Waislamu Uganda liliundwa mwaka 1972 ili kuwaunganisha Waislamu, lakini migogoro ya uongozi na mali iliendelea, na tangu mwaka 2009 kundi lenye makao Kibuli limekuwa na Mufti wake Mkuu mbali na yule wa Old Kampala. Tofauti za Kibuli zimezunguka zaidi madaraka na ardhi, na za Mbale zaidi sheria ya ibada. Zote mbili zinaonyesha kwamba shida za nje zikipungua, maswali ya ndani huamka. Jumuiya kubwa huweza kuvumilia mgawanyiko kwa muda mrefu. Ndogo hulipa gharama yake mapema: walimu wachache wanagawanywa, na kijana anayetafuta mchumba wa imani yake anakuta uwanja umezidi kuwa mwembamba.

Mlango wa Israel

Mtihani mkubwa wa sasa ni wa kutambuliwa. Sheria ya Kurejea, iliyopitishwa nchini Israel mwaka 1950, inampa kila Myahudi haki ya kuhamia huko. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi, linaloshughulikia uhamiaji huo, liliwatambua Abayudaya kama jumuiya ya Kiyahudi. Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ndiyo hutoa uraia, mwaka 2018 ilichukua msimamo tofauti katika shauri la kijana mmoja wa jumuiya hiyo, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilikataa ombi lake. Katika mwaka huohuo wa 2018, vijana wapatao 40 wa Abayudaya walikuwa wamepelekwa Israel kwa ziara inayotolewa kwa vijana wa Kiyahudi kutoka kote duniani. Walikaribishwa kama Wayahudi wa kutembelea. Kukaribishwa kama Wayahudi wa kukaa kumebaki kuwa jambo la kubishaniwa.

Wanaowatetea wanasema rangi ya ngozi na umaskini vina sehemu katika ukali huo. Maofisa wa Israel wanajenga hoja yao juu ya taratibu za kuingizwa katika dini na tarehe ambayo jumuiya ilitambuliwa. Vyovyote iwavyo, matokeo kwa kijana wa Mbale ni kwamba anaulizwa mara mbili: nyumbani anaulizwa kwa nini ni Myahudi, na ng'ambo anaulizwa kama ni Myahudi kweli.

Hapo ndipo thamani na mpaka wa mafunzo ya Torati huonekana pamoja. Imani iliyojengwa juu ya hati ya ofisi ingeyumba hati hiyo ilipokataliwa. Abayudaya waliisoma Torati kwa miaka 83 kabla ya mahakama yoyote ya marabi kufika kwao, na hawakuacha kuisoma waliponyimwa viza. Lakini pia si haki kuwaambia watu kwamba sala inatosha. Sala haimlipii mtoto karo ya shule, na kijana mwenye njaa hukisikiliza kitabu kwa sikio moja.

Viongozi wao wanaonekana kulielewa hilo. Jumuiya ina Shule ya Msingi Hadassah na Shule ya Sekondari Semei Kakungulu, ambazo hupokea watoto wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja na wa Kiyahudi. Ilifungua pia kituo cha afya mjini Mbale kinachohudumia watu wa dini zote. Sehemu kubwa ya fedha za miradi hii hutoka kwa wafadhili wa Marekani, na huo ni udhaifu. Mfadhili anayechoka au uchumi wa mbali unaoyumba unaweza kuifunga shule haraka kuliko dikteta. Janga la korona, lililofunga nyumba za ibada mwaka 2020 na kuziweka shule za Uganda katika misukosuko ya kufungwa hadi Januari 2022, lilionyesha jinsi akiba ya jumuiya za vijijini ilivyo ndogo. Miezi sita baadaye, mafuriko ya mito Nabuyonga na Namatala yaliua watu zaidi ya 20 mjini Mbale, na maji hayakumuuliza mtu dini yake.

Kuulizwa kwa makosa ya wengine

Joab Jonadab Keki alikuwa New York Septemba 11, 2001, na aliyashuhudia mashambulizi ya siku hiyo. Aliporudi nyumbani alipita kwa majirani zake wakulima wa kahawa, Waislamu, Wakristo na Wayahudi, akiwashawishi waungane. Mwaka 2004 walianzisha ushirika unaoitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani iliyo tamu. Waliuza kahawa yao pamoja kwa bei bora kuliko ile ya mlanguzi.

Ushirika huo una maana zaidi leo. Tangu Oktoba 7, 2023, mashambulizi ya Hamas nchini Israel na vita vilivyofuata Gaza vimewagawa watu katika miji mingi duniani, na wachache walio mbali na uwanja wa vita huulizwa maswali kuhusu maamuzi ambayo hawakuyafanya. Waislamu wa Kampala wanaijua hali hiyo. Julai 2010 mabomu yalipoua watu zaidi ya 70 katika klabu ya Kyadondo na mkahawa wa Kabalagala, si mbali na Kibuli, shambulio lililodaiwa na al-Shabaab wa Somalia, wengi wasio na hatia walitazamwa kwa jicho la shaka. Wanaozungumza Kiswahili nchini Uganda wanaijua pia. Lugha yao ilibebeshwa kwa miongo kadhaa makosa ya askari waliowaibia raia wakiamrisha kwa Kiswahili, hadi baraza la mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 ianze kutumika kama lugha rasmi ya pili.

Kwa hiyo habari ya Abayudaya haipaswi kusomwa Kibuli kama habari ya watu wa mbali. Inauliza jambo linalowahusu wote walio wachache: nguvu ya kudumu itoke wapi, wakati serikali haiaminiki, ndugu wa mbali hawana hakika nawe, na majirani wanakutazama kupitia habari za jioni?

Historia yao inatoa jibu la sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya ndani, nayo ni kitabu kinachosomwa kila wiki na sala isiyongoja ruhusa. Bila hiyo wasingevuka miaka ya 1970. Sehemu ya pili ni ya nje: shule, zahanati na kahawa ambazo jirani wa dini nyingine anazihitaji pia. Bila hiyo, kizazi cha sasa kitaelekea mjini kutafuta maisha, na wengine hawatarudi. Uongozi wa Nabugoye na wa Putti utapimwa kwa uwezo wake wa kuzishika sehemu zote mbili wakati wafadhili wamepungua na vijana wameongezeka.

Ijumaa ijayo adhuhuri Kibuli itajaa tena. Jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, jua litazama Mbale, na katika nyumba ambazo miaka 50 iliyopita zingefunga madirisha kwanza, mishumaa itawashwa mbele ya yeyote apitaye njiani.